Alama Sita Pungufu

Barua pepe zote mbili ziliingia Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, Médiatrice akiwa kwenye chumba cha wafanyakazi cha nyumba ya wazee, karibu na Westmead, Sydney, anakula wali wa jana. Ya kwanza ilitoka koleji: amepewa nafasi mapema, kozi ya uuguzi msaidizi, miezi kumi na minane. Athibitishe kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, na akithibitisha, maombi yake mengine yote yanafutwa.

Ya pili ilikuwa matokeo ya mtihani wa kuingilia chuo kikuu, ule wanaofanyiwa watu wazima wasio na cheti kinachotambulika. Alikuwa amepata 134. Mwaka uliotangulia, waliochukuliwa kusomea uuguzi kamili walianzia 140.

Alimwonyesha Katungu, mama wa Butembo aliyefanya naye kazi zamu moja. Katungu alisoma huku midomo ikichezacheza, kisha akamrudishia simu.

"Dada yangu, hii haiko ya kufikiria. Thibitisha leo."

"Mtihani unaweza kurudiwa. Jumamosi ya wiki ijayo, mara ya mwisho kwa mwaka huu."

"Na ukirudia ukapata chini ya hii?"

Hilo ndilo lililokuwa likimtisha Médiatrice. Chuo kiliangalia alama za mwisho, si zilizo bora. Akirudia akaporomoka, hata hizo 134 zingepotea.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alizaliwa Ruyigi, akavushwa mpaka kwenda Tanzania mgongoni kwa shangazi yake, akakulia kambini Kasulu. Huko alisoma hadi karibu amalize sekondari, kwenye madarasa ya udongo, na cheti alichopewa hakuna ofisi ya Sydney iliyojua la kukifanyia. Huko huko aliolewa na Fiacre, wakamzaa Lyse. Sasa walikaa St Marys, Fiacre akiendesha forklifti ya kuinulia mizigo kwenye ghala, Lyse akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari.

Mtu angeweza kudhani alitaka uuguzi kwa ajili ya cheo. Haikuwa hivyo. Miaka miwili nyuma, asubuhi ya Jumapili, alikuwa akimvisha mzee mmoja mstaafu wa reli, akaona kucha zake zimebadilika rangi na pumzi yake fupi. Alikimbia kumwambia muuguzi wa zamu. Muuguzi alikuwa na vyumba vingine kumi na saba. Akasema andika kwenye daftari, nakuja. Médiatrice akaandika. Akarudi, akamwambia tena. Muuguzi alipofika, saa nzima ilikuwa imepita, na mzee alikufa kabla ya gari la wagonjwa kufika. Hakuna aliyemlaumu. Lakini tangu siku hiyo alijua kwamba anachokiona yeye hakina uzito mpaka mtu mwingine akione. Na muuguzi msaidizi pia angekuwa vile vile, wa kusubiri mwenzake.

Jioni hiyo alimweleza mumewe. Fiacre alizima televisheni.

"Mama Lyse, umeisoma vizuri? Ukiachia huku, na kule ukakosa, unabaki na nini?"

"Nabaki na kazi niliyonayo."

"Unakumbuka kambini?"

Alikumbuka. Majina yao yalikuwa yameitwa kwa safari ya kuhamia ng'ambo, wakaomba wasubiriwe kidogo kwa sababu mama yake Médiatrice alikuwa mgonjwa. Nafasi ikaenda kwa watu wengine. Mama alifariki baada ya mwezi, na wao wakakaa miaka minne zaidi. Lyse alijifunza kutembea kwenye vumbi lile.

"Sisi tulishaachia kitu cha mkononi mara moja," Fiacre alisema. "Mimi sina moyo wa mara ya pili."

Lyse alikuwa mezani na vitabu vyake. Alielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Mama, ulijibu maswali mangapi?"

"Arobaini na nane."

"Kati ya?"

"Sabini."

Lyse aliweka kalamu chini. "Ishirini na mawili hukuyagusa kabisa? Kwa nini?"

Médiatrice aliona aibu kumweleza mtoto, lakini akaeleza. Kila habari ya mtihani aliisoma kwa Kiingereza, akaigeuza kichwani kwa Kirundi ili aone kama ameelewa, kisha akairudia ili awe na hakika. Habari moja ya majirani waliogombea maji ya kijito ilimla dakika kumi na mbili.

"Basi hukushindwa," Lyse alisema. "Muda ulikuishia. Hayo ni mambo mawili."

Fiacre akamgeukia. "Usimtie mama yako kiburi."

"Baba, nahesabu tu."

Siku zile nne zilikwenda vibaya. Médiatrice alisahau chumvi, alisahau funguo, kazini alimwita bibi mmoja kwa jina la mwingine. Jumanne aliamua kuthibitisha. Jumatano akaamua kutothibitisha. Alhamisi alimpigia simu Spéciose, mama mchungaji, akamwomba amwombee bila kumwambia ni la nini.

Ijumaa alitoka kazini saa tisa alasiri. Alikaa kwenye benchi la stesheni, akaacha treni mbili zipite. Kwenye simu, ukurasa wa koleji ulikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kijani cha kuthibitisha, kingine cheupe cha kukataa. Saa kumi na nusu alimpigia mumewe.

"Baba Lyse, nataka kuiacha."

Upande wa pili zilisikika mashine za ghala, halafu mlango ukifungwa.

"Umeshabonyeza?"

"Bado. Sikutaka ujue baadaye."

"Nikisema hapana?"

"Sema tu. Nitakusikiliza. Lakini siahidi kukubali."

Alimsikia akivuta pumzi. "Naogopa, Mama Lyse. Sio hasira hii. Naogopa."

"Na mimi naogopa."

"Basi fanya haraka. Kukaa katikati ndiko kunakotumaliza."

Saa kumi na dakika hamsini alibonyeza kitufe cheupe. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza tena, akapanda treni iliyofuata.

Zilibaki siku nane. Alijifunza alfajiri kabla ya zamu na tena kabla ya chakula cha jioni, Lyse akimpimia muda kwa simu. "Usiisome kama Biblia," Lyse alimwambia. "Soma swali kwanza. Kisha tafuta jibu lilipo, toka." Kwa Médiatrice ilikuwa kama kuambiwa aingie nyumba ya watu bila kubisha hodi. Siku ya kwanza alifika swali la thelathini. Siku ya tatu, arobaini na tano.

Jumatano alimwita Lyse mara ya tano aje kumwangalizia, na binti akalipuka.

"Mimi pia nina mtihani, Mama! Mwezi ujao! Nani ananipimia mimi muda?"

Mlango wa chumba ukafungwa kwa kishindo. Médiatrice alibaki na karatasi mkononi. Alikuwa amesahau kabisa, kweli kabisa, kwamba nyumba ile ilikuwa na wanafunzi wawili. Alikusanya makaratasi, akatoka, akaingia ndani ya gari lao lililoegeshwa mbele ya nyumba, akaegemeza daftari kwenye usukani. Tangu siku hiyo alisomea humo. Meza ikawa ya Lyse.

Jumamosi ya mtihani treni hazikuwa zikifika mjini. Reli zilikuwa zinatengenezwa na abiria walihamishiwa kwenye mabasi. Alikuwa amelijua hilo, akaondoka alfajiri, akafika katikati ya jiji saa moja na nusu kabla ya muda. Alizunguka jengo lile mara nne. Ndani walimkagua paspoti, wakamwambia avue saa ya mkononi, wakamkalisha mbele ya kompyuta kati ya kijana mwenye tatuu na mwanamume mwenye mvi.

Saa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma kwenye kona ya kioo. Swali la kumi, sawa. Swali la ishirini na sita lilikuwa na neno ambalo hakuwahi kuliona maishani, na kichwa chake kikaanza kuligeuza kwa Kirundi. Jasho likamtoka kwapani. Akajilazimisha kuruka. Alihisi kama anamwacha mgonjwa kitandani. Zilipobaki dakika arobaini alikuwa swali la thelathini na tisa. Zilipobaki mbili, la sitini na sita. Manne ya mwisho alibahatisha tu.

Matokeo yalitoka baada ya wiki tatu. 139.

Fiacre aliiangalia namba hiyo muda mrefu. Hakusema "nilikuambia". Alikwenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Médiatrice aliandikia koleji siku iliyofuata. Wakamjibu kwa adabu kwamba darasa limejaa. Kisha ikabaki kusubiri, na kusubiri huko kulikuwa kubaya kuliko mtihani. Lyse alifanya mitihani yake, akamaliza. Desemba vyuo vikuu vikatoa nafasi za awamu ya kwanza: Lyse akapata nafasi ya kusomea uhandisi, mama yake hakupata kitu. Walimshangilia binti kanisani, na Médiatrice alipiga vigelegele kwa moyo wote, kisha akaenda msalani akakaa humo mpaka macho yakauke.

Katikati ya Januari, siku ya joto kali, alikuwa akimsaidia bibi mmoja kuvaa soksi simu ilipotetemeka mfukoni. Alimaliza soksi zote mbili. Alimweka bibi vizuri kwenye kiti, akampa maji. Ndipo akatoka kwenye korido na kufungua. Ilikuwa awamu ya pili: mwaka huo chuo kikuu kilikuwa kimeshuka hadi alama 138.

Aliegemea ukuta. Katungu, aliyekuwa anasukuma kigari cha chai, alidhani amepata msiba, akakiacha kigari katikati ya njia na kumkimbilia.

"Nani? Ni nani?"

"Mimi," Médiatrice alisema. "Wamenichukua mimi."

Fiacre alipopata habari alikaa chini kwenye sakafu ya ghala, yeye mwenyewe alisimulia baadaye, mpaka msimamizi akaja kuuliza kama ameumia.

Masomo yalianza mwezi wa pili mwishoni. Médiatrice alivaa gauni lake la kitenge, akaingia ukumbini mapema. Msichana mmoja wa miaka kumi na minane, mwenye miwani, alisimama haraka akaondoa begi lake kwenye kiti cha mbele.

"Samahani," alisema, "wewe ndiye mwalimu wetu?"

"Hapana, mwanangu," Médiatrice akajibu kwa Kiswahili kabla hajakumbuka alipo. Akacheka, akarudia kwa Kiingereza, akakaa karibu naye, akatoa kalamu.