Noti Niliyomwandikia Goreti

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumanne moja hapa Bujumbura, mkurugenzi aliponiita ofisini kwake akaniomba nimwandikie jina la mtu. Jina moja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na nilijiona nina akili kuliko jengo zima.

Nilifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya mawese na sabuni, idara ya mikakati. Vijana tulikuwa wawili: mimi Hadija, mtoto wa fundi magari wa mtaa wa Buyenzi, na Goreti wa Gihosha. Kazi yetu ilikuwa kuwaandalia wakubwa mipango: tuuze wapi, tufungue ghala wapi, baada ya miaka mitano tuwe tumefika wapi. Tulikaa meza moja, mchana tukila wali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, sahani moja, na wengi walidhani ni ndugu. Nilimpenda, hilo ni kweli. Ila nilimwonea wivu, na sitakudanganya kwamba ulikuwa wivu mdogo.

Ulikuwa ukinipata kwenye vikao. Msemaji nilikuwa mimi, Kifaransa changu kimenyooka, majedwali yangu yamepangwa yakapangika. Goreti alikaa kimya. Nikishamaliza, mkurugenzi alivua miwani na kuuliza: na Goreti anaonaje? Swali hilo nilikwenda nalo hadi nyumbani. Goreti alisema maneno machache tu, kwa mfano kwamba akina mama wa sokoni hawataki mche mkubwa wa sabuni kwa sababu wateja wao hununua kipande, na mpango wangu wa kurasa arobaini ukaishia hapo hapo. Nilikuwa natabasamu, mwanangu, na moyoni nawaka.

Jumanne hiyo mkurugenzi alinieleza kwamba wanafungua ghala Rumonge, kule mawese yanakotoka, na wanataka mmoja wetu akaliongoze. Kwa kuwa mimi ndiye niliyetangulia kuajiriwa, aliniomba niandike noti, maelezo mafupi ya ukurasa mmoja: nani aende, na kwa nini. Hakusema nisijiandike mwenyewe. Hilo nililiona baadaye sana.

Uelewe tulivyofikiri sisi wa mikakati. Kupelekwa mikoani kulikuwa ni kuzikwa. Wakubwa wako Bujumbura, vikao viko Bujumbura. Anayekwenda kuhangaika na mapipa na madereva husahauliwa. Basi nikaona njia ya kuliondoa lile swali la miwani mezani, nisilisikie tena.

Nikaandika kwamba aende Goreti. Ili noti ikubaliwe ilibidi nimsifu, na kwa kuwa mkurugenzi hakuwa mjinga ilibidi nimsifu kwa ukweli. Nikaandika kwamba anasikiliza kabla ya kusema. Kwamba wateja humwambia yeye mambo wasiyotuambia sisi wengine. Kwamba akikosea hukubali saa ile ile, mbele ya watu. Nilimjua vizuri, wivu ulinifundisha kumtazama. Kila sifa ilikuwa ya kweli, na kila moja niliiandika kwa nia mbaya. Sijapata kuandika vizuri namna ile tena.

Akaenda. Siku ya kuagana alinikumbatia akalia, nami nikalia, na machozi yangu mpaka leo sijui yalikuwa ya nini.

Nilibaki na mkurugenzi peke yangu, kama nilivyotaka. Nikapanda nikawa mkuu wa idara. Lakini miaka ilivyokwenda nikachoka na mipango, nikaanza kutafuta pa kutokea. Niliomba kazi benki, nikaomba kampuni ya bima, na kote huko waliniuliza mambo yale yale. Umeongoza watu wangapi? Kuna kitu ulichokianzisha kikasimama? Mteja mkubwa alipokukimbia ulifanya nini? Mimi nilikuwa na mipango kabati zima, na hakuna hata mmoja niliowahi kuutekeleza kwa mikono yangu. Walionitangulia katika idara ile walitawanyika, huyu akawa mshauri wa mashirika, yule akafungua duka la vipuri mtaa wa Asiatique, na wote kabla ya kuhama walikuwa wamekubali kwanza kazi yenye vumbi. Mimi vumbi nililiachia Goreti.

Yeye alikaa Rumonge miaka sita, akarudi akiwa mkurugenzi wa biashara, juu yangu. Wivu ulinilaza kitandani. Kuna wiki nilisingizia malaria ili nisikae kwenye kikao chake.

Baadaye akaacha kazi, akafungua kiwanda chake mwenyewe cha sabuni, akatualika nyumbani kwake Kibenga Jumapili mchana. Unajua kwetu kinywaji hakitolewi bila neno. Goreti akasimama, akamshukuru Mungu, akamshukuru mumewe, kisha akanitaja mimi. Alisema Hadija ndiye aliyeandika jina lake, na kwamba mkurugenzi alimpa nakala ya noti na anayo hadi leo. Watu wakapiga makofi wakinigeukia. Desturi ikanidai jibu. Nikasimama na soda mkononi, nikasema nilijua tangu zamani kwamba atafika mbali. Nikaketi, nikaiweka soda ile mezani.

Nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani. Tukiwa wawili tu nikashindwa kuvumilia, nikamwambia kwamba noti ile niliiandika ili aondoke.

"Nilijua," akasema. "Mi si mutoto, Hadija. Mwezi wa kwanza kule nililia kila siku. Mais hata vile nilikuwa nasoma ile noti. Nikasema, kama mutu mwenye anataka nitoke ameona vitu hivi vyote kwangu, basi ni kweli niko navyo."

Nilitazama chini. Hakunikasirikia, na hilo liliniuma zaidi.

"Na we," akaniuliza, "sababu gani haukuandika jina yako?"

Nikamuaga haraka, nikaondoka. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Niliogopa kwenda mahali ambapo kushindwa kwangu kungeonekana, nikauita woga huo akili.

Basi wewe uliyeanza kazi kwenye ofisi hizi za mipango, nisikilize. Usikae hapo mpaka uzoee kuwaelekeza wengine njia usiyoipita. Wakifungua ghala, tawi, duka, hata iwe mbali na macho ya wakubwa, omba uende. Na ukimwonea mwenzako wivu, usijilaumu sana, jiulize tu ana nini unachokitaka, kisha ukakitafute wewe mwenyewe badala ya kutafuta namna ya kumwondoa. Mimi wivu wangu haujaisha. Nikiiona sabuni ya Goreti sokoni bado moyo unanipiga, na bado naununua mche mzima.

Mungu akufungulie milango, mwanangu, akupe wenzako wema kuliko nilivyokuwa mimi kwa mwenzangu, na siku utakapoombwa jina, mkono wako usiogope kuandika lako.