Nyumba Iliyoshika Majina

Nilipokuwa mtoto, kule Mbwera, tulifundishwa kuitika kabla hatujafundishwa kusoma. Ukisikia jina lako na aliyekuita humwoni, nyamaza. Binadamu ataita tena, maana binadamu ana shida zake. Kisicho binadamu huita mara moja, kikangoja. Ukiitika, umekwisha. Aliyenifundisha ni bibi yangu mzaa mama, ndiye aliyenilea, na hakuwa na maneno matamu hata kwa wageni.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mjukuu wangu Zuhura. Anasomea sanaa Dar es Salaam, na chuo kimemtaka atengeneze kazi inayotokana na nyumba iliyohamwa. Basi kaja kwangu Kibiti, kaliona gofu lile nyuma ya mashine ya mpunga, na tangu juzi hatuli kwa raha. Anapiga picha kuta, anakwangua rangi anatia kwenye kopo. Jana asubuhi kaniletea simu mdomoni.

"Bibi, niite jina langu. Nitaiweka sauti yako kwenye spika mle ndani, mtu akiingia asikie anaitwa na hamwoni mtu."

Nikamwambia aiondoe simu yake, akae, asikilize.

Siku moja kule Mbwera mwalimu wetu aligawa karatasi nene, moja moja, akasema tuchore nyumba kwa mkaa. Mchoro utakaoshinda utabandikwa ofisini kwake. Wenzangu wote wakachora msikiti. Mimi nilitaka kushinda, nikaamua kuchora nyumba ya Kombo.

Kombo alikuwa mkata mikoko. Asubuhi moja alihama na watu wake, akaacha chungu mafigani na mlango wazi, na hakumwambia mtu kwa nini. Nyumba ilibaki ng'ambo ya mkono mdogo wa mto. Maji yakipwa unavuka hayakufiki magotini. Yakijaa unataka mtumbwi. Watu walikatazana kutaja jina la mtu karibu nayo. Walisema nyumba ile inashika majina kama kasuku, na ikishalishika lako itakuita siku uko peke yako. Hata wakata mikoko, wanaume wazima na mashoka yao, wakipita pale waliitana "wee" na "wee mwenzangu" mpaka waikate kona.

Nilivuka maji yamepwa. Nikakaa ndani, mgongo ukutani, nachora mlango, nachora mafiga, nachora makuti yaliyoning'inia. Mkono ulikwenda vizuri mno. Nikasahau kuwa siku zile ni za bamvua, maji hujaa kupita kawaida, hayangoji mtu amalize kuchora.

"Mwajuma!"

Mara moja. Sauti ya mwanamke, laini, kama ya mtu anayetaka kukupa kitu. Mkaa ukanidondoka. Nikangoja ya pili. Haikuja. Nikasikia kaa wakikwaruza ukutani, na chini yao maji yakinyonya matope. Hapo nikaelewa: nikitoka, kilichoita kitaniona. Nisipotoka, njia inafungwa. Maji yakapita kizingiti, membamba kama ulimi, yakayafikia majivu ya Kombo. Nikazidi kujibana ukutani.

Sikujua kwamba bibi amesimama ng'ambo ya kijijini. Ameziona nyayo zangu matopeni, zinakwenda, hazirudi. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, yale matope yangemmeza. Na kuniita jina hawezi, maana atakuwa ameipa nyumba jina langu. Basi yeye kanyamaza kwa ajili ya nyumba, mimi nimenyamaza kwa ajili ya nyumba, na maji hayana mila, yanajaa tu.

Ndipo nikasikia:

"Wee kifuu cha nazi! Wee meno ya ngiri! Kikojozi mkubwa, mkeka wangu mpaka leo unanuka! Ulokula mihogo mibichi siku ya Idi ukaharisha mbele ya wageni, toka humo nikuone!"

Sijapata kusikia kitu kizuri kama kile. Hakuna jini anayejua habari za mkeka ule. Nikatoka mbio, karatasi kichwani. Maji yakanifika kifuani, kisha kidevuni. Bibi akaninyooshea upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi.

"Shika!"

"Nina karatasi, bibi!"

"Utaichorea ahera? Shika, punguani!"

Nikashika kwa mikono yote miwili. Karatasi ikaenda na maji. Bibi akanivuta, akanizaba kofi, kisha akanifunika kanga yake. Kofi lilitangulia.

Tulipoikata kona nikamuuliza, "Bibi, mbona uliniita mara moja tu?"

Akasimama. "Nilikuita nini?"

"Jina."

"Nikutaje jina pale? Nina wazimu?" Akanitazama. "Uliitika?"

"Sikuitika."

"Basi twende. Na usigeuke."

Kesho yake mwalimu alinichapa kwa kupoteza karatasi ya shule.

Nimezeeka, aliyeniita simjui. Labda mke wa mvuvi alikuwa akimwita Mwajuma wake. Kina Mwajuma pale Mbwera tulikuwa wengi kama kaa. Kama ni hivyo, mafundisho ya bibi yalikaribia kuniua. Kama si hivyo, yaliniokoa. Zuhura anataka nichague moja. Sichagui. Ninachojua ni kwamba sauti tamu ndiyo iliyonigandisha mle ndani, na sauti kali ndiyo iliyonitoa. Watu husema nina ulimi mchungu. Waache waseme, wao hawajavutwa kwa upondo.

Hata hivyo mtoto wa siku hizi humzuii kwa hadithi. Jana hiyo hiyo, magharibi inaingia, alikuwa bado ndani ya gofu, na ukuta mmoja wa gofu lile umeinama kama mlevi. Nikaenda mpaka ukingo wa kiwanja. Jina lake likanifika mdomoni. Nikalimeza.

"Wee mwenye nywele za kununua! Uliyeunguza chai, sijui unaunguzaje chai! Toka humo, wali unapoa na aliyeupika si mtumwa wako!"

Akatokea mlangoni anacheka, vumbi mpaka kwenye kope, simu kainyanyua juu. Alikuwa anarekodi.

"Endelea, bibi! Hii ndiyo nitakayoiweka."

Nikaendelea, maana maneno ninayo. Matusi yangu yote kayachukua, ayapeleke huko chuoni wakayasikilize. Jina lake sikulitaja mpaka tulipofika nyumbani na nimekwisha kufunga mlango.