Msiba wa Shefildi

Makapi ya katani yakioza hunuka kama maziwa yaliyosahauliwa juani pamoja na soksi za askari. Watu waliokulia mjini wakipita karibu hufunga vioo vya gari, mimi hufungua. Kwa sisi tuliokulia katika kambi ya shamba la katani, nje kidogo ya mji wa Kilosa, ile ilikuwa harufu ya ugali. Ikinuka, mashine inafanya kazi. Isiponuka, mama anapunguza unga. Mashine yenyewe iliitwa korona, miaka mingi kabla jina hilo halijapewa ugonjwa, na ilinguruma kutwa ikitafuna majani ya mkonge na kutema nyuzi nyeupe. Siku ilipokuwa kimya, hata kuku walitembea kwa tahadhari.

Baba alikuwa fundi wa korona. Ni Mnyamwezi, mjukuu wa mtu aliyefika Kilosa akijenga reli na kusahau kurudi kwao. Moyo wa mashine ile ulikuwa gurudumu kubwa la chuma lenye meno, na ubavuni mwake palikuwa na herufi zilizotokeza zikitaja mji wa Uingereza lilikotengenezwa. Shefildi, ndivyo baba alivyoutamka, kwa heshima ambayo wengine waliiweka kwa Maka au Roma. Masika moja gurudumu likapasuka. Baba alilichomelea, likapasuka tena kando ya kovu. Meneja akaagiza jipya kutoka kulekule lilikozaliwa la kwanza, na kambi nzima ikaanza kungoja. Nilijua tunachongoja, kwa sababu mama alikisema kila alipodhani sisikii: gurudumu lisipofika, kiwanda kinafungwa, na nyumba ya kambi ni ya mwenye kazi tu. Tungehamia Mikumi kwa shangazi, aliyeuza chai na chapati kwa madereva wa malori na kulala chumba kimoja na wanawe watano. Mimi ningeacha shule nikasukume chapati.

Ajabu ni kwamba hiyo ndiyo ilikuwa miaka ambayo redio ilituletea, kwa Kiswahili fasaha kutoka London, habari za viwanda vya chuma na migodi ya makaa ya mawe kufungwa huko Uingereza. Wafanyakazi walikuwa barabarani. Serikali yao ilisema haiwezi kuendelea kulisha viwanda vyenye hasara. Wapinzani bungeni wakasema inaua watu wake. Wapiganapo tembo nyasi huumia, wanasema. Sisi majirani wa hifadhi ya Mikumi tunajua zaidi: tembo si lazima apigane, akijigeuza tu usingizini shamba limekwisha. Sidhani kama wilaya nzima ilikuwa na ua mwingine uliofuatilia mjadala ule kwa uchungu kama wetu.

Na uchungu wenyewe ulichochewa na Mzee Mlunguza, Msagara mkulima wa mpunga kutoka Chanzuru, aliyekuja kwa baiskeli kila jioni, ati kusikiliza habari, lakini hasa kumkera baba. Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kusema maneno ambayo ndugu angepigwa kwa kuyasema. Nikishampa shikamoo na yeye kuitikia marahaba, alianza.

“Kiwanda kinachokula kuliko kinavyozaa ni ng'ombe dume. Wewe mbeba mizigo umekaa chini yake na kibuyu, unangoja maziwa! Serikali yao imechoka kumkatia majani. Achinjwe.”

“Ukiona vyaelea vimeundwa, Msagara,” baba alijibu. “Hilo jembe lako ulilichuma mtini? Kazi ya serikali ni kumbeba mgonjwa mpaka apone, siyo kumnyang'anya mkeka.”

“Apone lini? Mgonjwa mwenyewe anavuta sigara!”

“Na wale wafanyakazi watakula nini?”

“Walime.”

“Kwenye theluji?”

“Basi siku ya gulio panda baiskeli uende Ulaya ukawaulize.” Ulaya kwetu ni kata ya jirani, yenye ndizi nyingi na theluji hakuna. Mama aliyekuwa akichambua mchele alicheka, kisha akakumbuka mumewe ni nani, akainamia ungo.

Siku moja baba alirudi asubuhi, ovaroli yake ikiwa bado safi. Meneja alikuwa amewaita akawaambia kwamba kiwanda cha Shefildi kimefungwa, hakuna wa kuyeyusha chuma na kusubu gurudumu jingine, na mwenye shamba hataki tena kuhangaika. Tuhame mwezi ukiisha. Baba alitundika redio msumarini, hakuiwasha. Mama alianza kukunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

Jioni tukasikia kilio kutoka njiani. Alikuwa mke wa Mzee Mlunguza, amejifunga kanga kiunoni kama aendaye msibani, na nyuma yake mumewe. Kwetu, penye msiba, mtani ndiye mwenye kazi ya vichekesho: humuiga marehemu, huzuia jeneza njiani mpaka apewe kuku, hata hulala kaburini akidai amechoka. Mzee Mlunguza aliitungua redio, akailaza mkekani, akaifunika kanga. “Marehemu Shefildi,” alisema, “alikuwa mtu mzito.” Kisha akamuiga: akazungusha mikono, akanguruma, akakohoa, akasaga meno, akaanguka chali na kutoa mlio wa mwisho ambao nadiriki kusema ulikuwa sahihi kabisa. Mama alicheka hadi akalia. Baba hakucheka.

“Umefurahi sasa,” alisema. “Ulitaka chenye hasara kiachwe kife. Haya, tumekufa.”

Mzee Mlunguza aliinuka, akajikung'uta vumbi.

“Nilisema kiwanda, mtani. Mtu nilimtaja saa ngapi?” Kisha, kwa sauti ileile ya kejeli, akasema kando ya mto Mkondoa kuna kipande cha shamba lake kimelala bure, na anahitaji Mnyamwezi wa kufukuza ndege. “Achanikaye kwa mpini hafi njaa. Haya, kuku wa msiba yuko wapi?”

Kwa hiyo tulihamia Chanzuru, si Mikumi. Baba alikuwa mkulima wa kutisha. Msimu wa kwanza alipalilia mpunga akaacha magugu, na kijiji kikaja kutazama. Lakini nilibaki shuleni, nikafika chuo kikuu, nikasoma uchumi, nikagundua kwamba ubishi wa ua wetu una vitabu vinene pande zote mbili, na hakuna hata kimoja chenye kuku. Nami nimeongeza makala zangu kuhusu serikali na viwanda vinavyokufa. Zimesomwa na mhariri na, nadhani, mke wa mhariri.

Mwaka huu nilishuka Mikumi kungoja gari la Kilosa, na simu ikaniambia kwamba bunge la Uingereza limebishana tena, na safari hii serikali imeingia yenyewe ili matanuri ya chuma yasizimwe. Zamani habari kama hiyo ingepita katika redio moja na masikio ya ua mzima. Pale kituoni kila mmoja alikuwa ameinamia simu yake, na sikuwa na wa kumwambia. Nikampelekea baba.

Amezeeka. Treni ya umeme sasa inapita Kilosa bila hata kukohoa, na Mzee Mlunguza alifariki kabla hajaiona. Baba alisikiliza habari, akataka irudiwe. “Nimeshinda!” akapiga paja. Kisha akatazama ukutani, pale baiskeli ya mtani wake ilipokuwa ikiegemezwa. “Nipeleke.”

Nilisimama penye minyaa, ukingoni mwa makaburi. Baba aligonga ardhi kwa fimbo. “Msagara! Serikali imembeba mgonjwa. Umeshindwa, unasikia?” Akangoja, kichwa kando, kama mtu anayempa mwenzake zamu. Halafu akatoa kifua mbele, akaikwaruza sauti, na nikamsikia Mzee Mlunguza mzimamzima akitoka kinywani mwa baba yangu:

“Apone lini? Mgonjwa mwenyewe bado anavuta sigara!”

Na baba akacheka peke yake pale, mpaka kofia ikaanguka juu ya kaburi.