Kamba ya Kuanikia

Binti wa chumba cha mwisho hushona huku penseli imechomekwa kwenye nywele. Akifika katikati ya mshono huichomoa, akachora sura ya mtu ukutani, kisha akaliacha gauni likiwa na mkono mmoja tu na kwenda kufinyanga kikombe. Kucha zake zina rangi, nyuzi zimenata viwikoni, udongo viganjani, na sauti yake hufifia kila anapoulizwa kazi yake. Juzi aliyeuliza alikuwa mama wa mchumba wake, aliyekuja kumtazama kabla ya kutoa ridhaa.

"Mwanangu, wewe ni fundi cherehani, mchoraji au mfinyanzi? Nikawaambie nini nyumbani?"

Binti angesema fundi tu, mambo yangekwisha, lakini alitazama rangi, nyuzi na udongo, akashindwa kukana hata kimoja.

"Waambie mimi ni kamba ya kuanikia nguo, mama. Leo shuka, kesho soksi, zote zangu, na hakuna hata moja iliyokauka."

Mama aliguna, kisha kicheko kikamponyoka.

"Basi tafuta vibanio vya kutosha, mkwe wangu, maana na huyo mwanangu naye hupeperuka."