Ndege Aliyoiona Mdogo Wangu

Mdogo wangu ana ugonjwa wa kuamini simu. Ukimuuliza njia ya kufika mahali, hakwambii barabara ikoje, anakwambia simu inasemaje. Nilipomweleza kwamba nitapanda basi kutoka Dar siku mbili kabla ya harusi ya binti yake, alicheka mpaka nikaona aibu.

"Basi la nini, dada? Panda ndege. Dar hadi Mwanza saa moja na nusu. Mwanza hadi Bukoba dakika arobaini na tano. Unakunywa chai Dar, mchana unakula ndizi hapa Muleba."

Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikakubali kusafiri asubuhi ya harusi yenyewe.

Simu haikumwambia kwamba uwanja wa Bukoba uko Bukoba, na kutoka pale hadi kwetu mlimani Muleba ni safari nyingine ya gari. Wala haikujua kwamba kwetu shangazi ndiye anayemshika bibi harusi mkono na kumtoa mlangoni. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Binti mwenyewe nilikaa naye miaka mitatu alipokuwa anasoma Dar, na alinisihi kila alipopiga simu: shangazi, usichelewe.

Mwanza tukashushwa, tukaambiwa tusubiri. Tusubiri nini, hakuna aliyejua. Saa zikapita. Nikiwa kwenye kiti cha chuma, mdogo wangu akapiga simu.

"Waitu, dada yetu, karibu! Tumekuona ukipita!"

"Umeniona wapi?"

"Juu ya ziwa. Nimesimama hapa nje, ndege imepita kuelekea Bukoba. Nimeshawaambia wakwe umetua."

"Niko Mwanza!"

"Basi, dakika arobaini na tano."

Jamani! Hadi leo sijui ile ilikuwa ndege ya nani. Najua tu kwamba mdogo wangu angekuwa karibu ningemrushia kiatu.

Nilitua Bukoba jua likianza kuinama. Nikakodi teksi, nikamwambia dereva akanyage mafuta. Karibu na Kemondo tukakutana na msafara wa magari, taa zinawaka, honi juu, maua kwenye boneti. Ukatupita kuelekea Maruku, kwa wakwe. Mtoto alikuwa ameshatolewa nyumbani bila mimi. Nililia kwa hasira mbele ya dereva nisiyemjua, kisha nikamwambia ageuze gari. Tukawa nyuma ya wote, vumbi lote letu.

Maruku nilishuka kabla teksi haijasimama vizuri, nikaenda moja kwa moja kwenye gari la bibi harusi. Mdogo wangu aliponiona akakwepa macho yangu. Nikafungua mlango. Binti akanitazama, akashusha pumzi, akanikamata mkono kwa nguvu.

"Nilikataa kutoka ndani bila wewe, shangazi," akasema. "Baba akaniambia umeshafika, uko kwenye gari la mwisho. Njia nzima nilidhani amenidanganya."

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo tangu Mwanza, mengi, na makali. Nikamtazama yule mtoto, aliyevuka mlango wa kwao peke yake kwa sababu ya uongo huo.

"Nilikuwa kwenye gari la mwisho," nikamwambia. "Shuka, mama."