Mto wa Udongo

Tangu asubuhi jirani anakandika ukuta wake, na harufu ya udongo mbichi imenirudisha kwenye darasa letu, karibu na mto Ruvuma.

Siku moja mwalimu alitugawa katika makundi. Kila kundi lilitakiwa kufinyanga mto na nchi zake mbili, kisha tufundishane maana ya mpaka.

"Nitamwita mmoja tu wa kila kundi ajibu," alisema, "na alama zitakuwa za kundi zima."

Kundini kwetu alikuwamo msichana aliyevuka mto na mama yake, wakikimbia vita. Kiswahili alikuwa hakijui bado.

"Huyu atatuangusha," alinung'unika mvulana mmoja.

Kimakonde, kinachosemwa pande zote mbili za mto, kilikatazwa darasani, lakini ndicho tulichoweza kuzungumza naye, kwa hiyo nikaanza kumnong'oneza. Mara mwalimu akasimama nyuma yetu. Tukanyamaza, vidole vimetulia kwenye udongo baridi.

"Endeleeni," alisema taratibu, akaenda zake dirishani.

Zamu yetu ilipofika, akamwita yule msichana.

"Mpaka ni nini, mwanangu?"

Msichana aliweka kidole juu ya mto wetu. "Unatenga nchi mbili," alijibu, neno moja moja, kama tulivyomfundisha. Nikashusha pumzi. Lakini kidole chake kilisogea hadi ng'ambo, akasema kwa Kimakonde, darasa zima likisikia, kwamba bibi yake amebaki kule.

Mwalimu alitupa alama zote. Yule mvulana aliyenung'unika alimega donge la udongo, akafinyanga mtumbwi mdogo, akauweka katikati ya mto, ukielekea upande wetu.