Mti wa Juu ya Paa la Mke Mwenzangu

Tuliokuwa Kitale siku ya kufungua ile nyumba ni hawa: mimi, mke wa kwanza, niliyetoka Bungoma; mke mwenzangu, mwenye nyumba; mwanawe aliyeijenga; shemeji yetu, ndugu mdogo wa marehemu mume wetu, ambaye sasa ndiye mzee wa boma; fundi wa paa; pasta aliyeomba mpaka wali ukapoa; na majirani. Majina yote ninayo kichwani, lakini leo nayaacha yalale.

Nilianza kuumia nikiwa bado getini. Paa langu mimi ni la pande mbili tu, kama viganja vya mtu anayesali. Lake lilishuka pande nne, mabati mekundu, na mfereji wa maji kila upande. Fundi, asiyejua mimi ni nani, akanieleza kwa furaha vile boriti nne zinapanda kutoka kona za ukuta na kukutana juu kwa nguzo moja fupi.

"Hii, nyanya, mabati yake yanakatwa mshazari. Inakula mabati bana. Si kila mtu ataiweza."

"Si kila mtu," nikasema. "Naona."

Ndipo nikaona kilichokuwa kileleni. Mti.

Kwetu, nyumba yenye mwanamume huwa na mti mkavu uliochomoza juu ya paa. Mume akifa unavunjwa, na kila mpita njia anajua. Wangu ulivunjwa wakati wa maziko, paa langu likiwa bado la nyasi. Nilisimama uani nikausikia ukivunjika, kwaa! Sasa huyu, na mume ni yule yule, amesimamisha mti mpya?

"Shemeji," nikasema kwa sauti ya kufika jikoni, "hebu angalia juu. Humu kuna mwanamume tusiyemjua?"

Pasta akatazama sahani yake. Shemeji akainua macho, akavua kofia.

"Mama, hii ni nini sasa?" akamuuliza mke mwenzangu. "Huo mti lazima ushuke."

Nilingoja alie. Akaweka sufuria chini polepole. "Nimeuweka ndio muushushe."

"Ati nini?"

"Mzee alipokufa mlivunja mti wa huyu dada mkubwa. Mimi nilikuwa nakaa huku kwa nyumba ya mbao, haikuwa na mti. Nikatoka maziko nikarudi peke yangu, na hakuna kitu kilivunjwa. Mpaka leo watu wa hapa wananiuliza kama niliachwa. Si leo mko wote? Vunjeni, na mimi nijulikane nilifiwa."

Shemeji akapangusa jicho, akaagiza ngazi.

"Mzee, nikiung'oa, mvua itaingia pale boriti zinakutana," fundi akalalamika.

"Utaziba."

Fundi akapanda. Nikamwona mke mwenzangu amesimama uani, leso kiunoni, uso juu, watu wamemzunguka, vile vile nilivyosimama mimi. Wivu wa mabati na wa mifereji ulikuwa maji tu. Huu ndio uliochoma. Mume tuligawana, sawa. Shamba tuligawana, sawa. Lakini ule mlio wa mti ulikuwa wangu peke yangu.

"Shuka!" nikamwambia fundi. "Usiguse!"

"Si ni wewe umesema?" shemeji akashangaa.

"Nilisema. Sasa nasema kama mke wa kwanza. Paa jipya halivunjwi siku ya sala. Litavuja."

"Ati leo unahurumia mabati yangu, dada?" mke mwenzangu akauliza. Aliniangalia mpaka ndani. Wake wenza hawafichani kitu.

Mke wa kwanza akikataa, shemeji hana njia. Fundi akashuka.

Mti uko pale mpaka leo. Watu wakirudi kutoka soko la Kachibora wanauona juu ya mabati mekundu, wanasema mwenye boma yuko. Na mimi Bungoma nalala chini ya paa lisilo na kitu juu. Kwa hivyo yeye sasa ana mume, mimi sina! Kila wakati wa mavuno mwanawe ananiletea salamu zake: "Dada mkubwa, utakuja lini tuushushe?" Sijajibu.

Wewe unayenisikiliza, kama ulikuwepo siku ile na nimekosea mahali, labda kofia ya shemeji, labda pasta alikuwa ameshaondoka, nisahihishe, sitakasirika. Ila usiniambie ule mti ulikuwa mfupi. Niliuona.